Kumjua Mnyama kwa Mjengo Wake

Ubavu wa mashua iliyokaa majini miezi kadhaa huota vijigamba vyeupe vya chokaa, vyenye kingo kali za kuchana kiganja. Mafundi wa Nungwi na Lamu huvikwangua kwanza kabla ya kutia deheni, na ukiwauliza wapita njia ni viumbe gani hivyo, wengi watakwambia ni ukoo wa chaza. Jibu hilo lina sababu zake. Gamba ni la chokaa, mnyama ameganda mahali pamoja maisha yake yote, na kichwa chake hakionekani. Georges Cuvier, bingwa wa anatomia wa Ufaransa aliyechapisha mpango wake wa wanyama wote mwaka 1817, naye aliviweka humohumo, kwenye tawi la chaza, konokono na pweza.

Aliyemrekebisha Cuvier alikuwa daktari wa jeshi. John Vaughan Thompson, Mwingereza aliyekwisha kutumikia Mauritius kabla ya kupelekwa Cork huko Ireland, alikuwa na desturi ya kukokota wavu wa kitambaa chepesi baharini na kutazama kilichonaswa. Mwaka 1826 alinasa vijidudu vinavyoogelea, vyenye macho na miguu ya viungo, akavitia kwenye chombo cha kioo chenye maji ya bahari. Akangoja. Siku chache baadaye vijidudu vile vilijibandika kwenye kioo, vikavua ngozi ya utoto na kuota magamba yaleyale yanayokwanguliwa kwenye mashua. Thompson alitangaza habari hizo mwaka 1830. Chaza hana miguu ya viungo wala havui ngozi katika umri wowote ule. Kaa na kamba wana vyote viwili. Kumbe kile kijigamba ni ndugu wa kamba, aliyejibandika kwa kichwa, akajijengea ukuta wa chokaa, na sasa anachota chakula kwa miguu. Charles Darwin alipowageukia wanyama hao hao mwaka 1846, hakuwaacha mpaka 1854. Miaka minane alikuwa akipasua, akichora na kulinganisha, na vitabu alivyoandika juu yao bado vinafunguliwa na watafiti.

Katika kisa hicho naona karibu kila kitu ninachokistahi katika ufundi wa kumtambua mnyama. Sura ya nje haikutosha kuwa ushahidi. Mnyama alitazamwa akiwa hai, tangu utotoni hadi utu uzima, na mtazamaji hakumharakisha. Tena swali lililoulizwa lilikuwa lile la fundi hasa: mwili huu umejengwaje?

Jahazi hupakwa rangi upya, hubadilishiwa tanga na hata jina, lakini fundi akitaka kujua liliundwa kwa mikono ya wapi huchungulia mataruma yake na namna mbao zilivyounganishwa. Anayechambua wanyama naye hutafuta mataruma. Kundi la wanyama wanaoshiriki mjengo mmoja wa msingi huitwa faila, jina alilolianzisha Mjerumani Ernst Haeckel mwaka 1866, na leo wataalamu huhesabu faila zaidi ya 30. Faila moja tu, ile ya Arithropoda yenye wadudu, buibui, tandu na kaa, ina zaidi ya spishi milioni moja zilizokwisha kupewa majina. Nyingine zina spishi chache mno, na hazijulikani nje ya maabara. Zote zinahesabiwa kuwa faila kwa kipimo kimoja cha mjengo, wala wingi wa spishi hauzipi cheo.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Carl Linnaeus, katika toleo lake la mwaka 1758, aliwagawa wanyama makundi sita. Manne aliwapa wenye uti wa mgongo, moja wadudu na jamaa zao, na la sita akaliita minyoo, akalisukumia kila kilichobaki: konokono, konyeza, kiti cha pweza, matumbawe, nyungunyungu. Jumba la makumbusho la Paris lilipomkabidhi Jean-Baptiste Lamarck kundi hilo mwaka 1793, alikuwa amekabidhiwa chumba kilichojaa vitu ambavyo hakuna aliyevipanga. Kazi ya kukipanga chumba kile imechukua zaidi ya miaka 200, na haijakwisha.

Maswali ya fundi wa kuchambua wanyama ni machache na yana mpangilio. Mwili una ulinganifu gani: hauna kabisa, unazunguka kitovu, au una kushoto na kulia? Kiinitete kilijengwa kwa matabaka mawili ya seli au matatu? Utumbo una mlango mmoja au miwili? Kati ya utumbo na ukuta wa mwili kuna uwazi, na kama upo, umetandikwa nini? Mwili umegawanyika pingili? Kwenye ukurasa wa kitabu ni rahisi kuyasoma. Kwenye sinia, mnyama akiwa na ukubwa wa punje ya mchele na akikataa kutulia, kila swali linataka mkono mwepesi na jicho lililofunzwa.

Twende pwani ya mashariki ya Unguja, Jambiani au Chwaka, siku za bamvua, bahari inapotoka na kuacha vidimbwi, nyasi za bahari na mawe wazi kwa saa kadhaa. Mwenye kazi hii hubeba vitu vya kawaida: beseni jeupe, lenzi ya mkono, kibano chenye ncha laini, chupa na karatasi isiyoharibiwa na maji ya kuandikia kwa penseli. Rangi ya beseni ina maana, kwani juu ya weupe hata mnyama anayepitisha mwanga huacha kivuli.

Sifongo ndiye anayemtaabisha mwanafunzi kuliko wote. Hana ulinganifu wa kutegemewa, hana mdomo, hana neva wala misuli. Yupo tu juu ya mwamba, mwekundu au mweusi, na kwa karne nyingi wasomi walibishana kama ni mnyama au ni mmea. Mwaka 1825 Robert Grant, daktari wa Edinburgh ambaye baadaye kidogo alimfundisha Darwin kijana kuwatazama wanyama wa pwani, alichukua kipande cha sifongo hai, akakiweka kwenye kijisahani cha kioo chenye maji ya bahari na kukisogeza chini ya hadubini. Alitazama tundu moja mpaka akaona maji yakifoka kutoka ndani, yakibeba chembechembe, yasikome. Matundu makubwa yanatoa tu, hayaingizi. Maji huingia kwa vinyweleo vidogo vilivyotapakaa mwili mzima, yakisukumwa na seli zenye kijimkia kinachopigapiga bila kupumzika. Mnyama huyu ni pampu isiyo na moyo. Grant akamwita mwenye vinyweleo, Porifera, na jina likabaki.

Miongo minane baadaye, mwaka 1907, Mmarekani H. V. Wilson alikamua sifongo hai kupitia kitambaa chembamba cha hariri mpaka zikatoka seli moja moja. Seli zile zilitambaa, zikakutana, zikaungana, zikajenga sifongo mpya. Hakuna mnyama mwenye uti wa mgongo anayeweza kuvunjwa hivyo akajirudisha. Huko Jambiani wapo wakulima wanaokata sifongo vipande, wakavifunga kwenye kamba baharini, na kila kipande kikakua kuwa sifongo kamili wa kuuzwa. Kilimo hicho kinasimama juu ya mjengo uleule ambao Wilson aliuona kwenye hariri yake.

Kwa Nidaria, faila ya konyeza na matumbawe, ushahidi ni seli moja. Ndani yake mna kifuko chenye uzi uliojikunja, na ukiguswa hufyatuka kwa muda ulio chini ya sehemu moja ya elfu ya sekunde. Muogeleaji aliyewashwa na konyeza ameguswa na maelfu ya nyuzi hizo. Tumbawe linaloonekana kuwa jiwe lina seli zilezile katika mikono ya wanyama wadogo waliolijenga, na konyeza na tumbawe wote wana tumbo lenye mlango mmoja tu, uliozungukwa na mikono. Baharini yupo pia mnyama mwingine wa utelezi, angavu, anayechanganywa na konyeza kila mara. Huyo ana mistari minane ya vichanuo vinavyopiga maji na kurudisha rangi za upinde wa mvua, na seli zake hunata badala ya kuwasha. Yeye ana faila yake, Tenofora. Mwenye lenzi huhesabu mistari minane na kuendelea na kazi.

Kwenye minyoo hapana budi kukaa kitako.

Mwili mrefu, laini, usio na miguu unafaa sana kwa kuishi ndani ya tope, ndani ya mchanga au ndani ya utumbo wa mtu. Ndiyo maana wanyama wasio na undugu wa karibu wameufikia kila mmoja kwa njia yake, na ndiyo maana umbo hilo limewadanganya wengi. Chukua watatu wanaojulikana na kila mtu: tegu, mchango na nyungunyungu. Fundi hawapangi kwa urefu wala kwa rangi. Huwakata kwa wembe, kipande chembamba cha kukatiza mwili, na kukipeleka kwenye hadubini.

Kipande cha tegu ni bapa, na kimejaa tishu toka ngozi hadi ngozi. Hakuna uwazi. Hakuna hata utumbo. Tegu hunyonya chakula kwa ngozi yake yote. Jamaa yake, mnyoo wa kichocho, anao mdomo na anao utumbo, lakini utumbo huo hauna mlango wa kutokea, na mabaki hurudi kwa mdomo uleule. Hao ni Platihelminthi, minyoo bapa.

Kipande cha mchango ni duara kamili, na ndani yake kuna duara jingine, yaani utumbo unaoanzia mdomoni na kuishia kwenye tundu la haja. Kati ya maduara hayo mawili pana majimaji yenye shinikizo. Ngozi ya nje ni ganda gumu ambalo mchango hulivua mara nne kabla ya kukomaa. Misuli yote inakwenda kwa urefu wa mwili. Hakuna hata mmoja unaouzunguka. Kwa sababu hiyo hawezi kujirefusha na kujifupisha. Kazi yake ni kujipinda huku na huku tu. Mtu aliyezoea humtambua Nematoda aliye hai kwa mpindo huo, kabla hajafikiria kuchukua wembe.

Nyungunyungu anayo misuli ya urefu na ya mzunguko pia, na kwa hiyo hutambaa kwa kujinyoosha sehemu moja na kujivuta nyingine. Mwili wake ni pingili baada ya pingili, na ndani kila pingili imetengwa na jirani yake kwa ukuta mwembamba. Uwazi wa mwili wake umetandikwa tishu yake maalumu pande zote, jambo ambalo mchango hana. Mpitishe kati ya vidole kutoka mkiani kuelekea kichwani na utahisi mkwaruzo: hivyo ni vijinywele vigumu anavyovitumia kushika udongo. Wale minyoo wa baharini wanaochimbwa mchangani kuwa chambo wana vijinywele hivyo kwa wingi, vimepangwa kwenye vijimguu pembeni mwa kila pingili. Hao wote ni Anelida, na ruba yumo pamoja nao.

Tofauti hizi zinafika hadi darasani na zahanati. Katika kampeni za kutibu watoto wa shule nchini Tanzania, mtoto hupimwa urefu kwa kijiti chenye alama ili ijulikane atameza vidonge vingapi vya prazikwanteli, kisha hupewa pia kidonge cha albendazoli. Prazikwanteli huwapata minyoo bapa wa kichocho, mchango haimwumizi. Kidonge cha albendazoli humwondoa mchango na minyoo ya safura, lakini hakitibu kichocho. Mzazi anayeuliza kwa nini mtoto wake anapewa dawa mbili kwa kitu kimoja kiitwacho minyoo anastahili kuelezwa hivyo. Zinatibiwa faila mbili, zenye miili iliyojengwa tofauti, na hapa dawa inayomshinda mnyoo mmoja inamkosa mwingine.

Kumtunza mnyoo kwa ajili ya uchunguzi ni sanaa peke yake. Ukimtumbukiza hai kwenye spiriti atajikunja, atajikata vipande au atatapika viungo vyake, na kesho yake una kitu kisichosomeka. Fundi humlaza kwanza kwenye maji yaliyotiwa magneziamu kloraidi, asilimia 7.5, mpaka misuli ilegee na mwili unyooke wenyewe. Wapo minyoo bapa wa baharini, wenye rangi za kupendeza na mwili mwembamba mno, ambao huyeyuka wakisumbuliwa kidogo tu. Hao hutelezeshwa juu ya fomalini iliyogandishwa barafu, wakakakamaa wakiwa wametandazika. Bila shaka aliyegundua njia hiyo alikwisha kuwapoteza wengi kabla ya kuipata, nami nikiona mchoro mzuri wa mnyoo bapa huukumbuka uvumilivu huo.

Pweza anafahamika pwani kuliko faila yake. Kina mama wanaochokoa pweza kwenye miamba ya Unguja, Pemba na Mafia hulijua pango lake kwa maganda ya kaa na kome yaliyotupwa mlangoni, na kwa mawe yaliyosogezwa kuuziba. Ujuzi huo ni wa mwenendo wa mnyama, na katika huo hakuna profesa atakayewafundisha. Wanapompindua ili kumsafisha, wanafungua pia ushahidi wa nasaba yake. Kile tunachokiita kichwa cha pweza ni mfuko wa nyama uliofunika viungo vya ndani. Mfuko huohuo ndio ambao kwa chaza na konokono hutoa chokaa na kujenga gamba. Mdomoni mna utepe wenye meno mengi madogo, ambao konokono naye anao. Na gamba lenyewe? Kwa pweza wa kawaida wa pwani yetu, Octopus cyanea, kumebaki vijiti viwili vidogo vilivyozama ndani ya nyama. Ukikikata kijiti kimoja na kukisugua kiwe chembamba, utaona miviringo ya ukuaji, na watafiti wameitumia kuhesabu umri wa pweza kwa siku. Mioyo mitatu, damu ya buluu yenye shaba, ubongo mkubwa, vyote hivyo vinashangaza, lakini vijiti viwili visivyoonwa na mtu sokoni ndivyo vinavyomrudisha pweza nyumbani kwa Moluska.

Nikipewa nichague mnyama mmoja wa kufundishia ufundi huu, nitamchagua jongoo bahari. Amelala mchangani, mrefu, mnene, ana mbele na nyuma, na kila anayemwona huapa kwamba ni mnyoo. Faila yake ni ile ya kiti cha pweza na wale wa duara wenye miiba mirefu wanaochoma nyayo: Ekinodamata. Wanyama hao mwili wao umegawanyika sehemu tano kuzunguka kitovu kimoja, na huendeshwa na mabomba ya maji yanayosukuma vijimguu vya kunyonya. Wapi hapo sehemu tano kwenye jongoo? Mpasue kwa urefu, umwage matumbo, utandaze ukuta wa mwili. Mikanda mitano ya misuli inang'aa, imepangwa sawa kutoka mwisho hadi mwisho. Ni kiti cha pweza aliyevutwa urefu na kulazwa ubavu.

Uthibitisho wa pili uko kwenye ngozi, nao hauonekani kwa macho. Kata kijipande cha ngozi kidogo kuliko ukucha, kiweke kwenye kioo, dondoshea jiki. Nyama inachemka na kuyeyuka. Subiri, suuza kwa maji polepole mara kadhaa usije ukamwaga kilichobaki, kisha weka chini ya hadubini. Ile ngozi laini ilikuwa imejaa mifupa midogo ya chokaa yenye matundu, kila mmoja umechongwa kwa ukamilifu ambao sijauona kwenye kito chochote. Jongoo mchanga, yule anayekaushwa na kuuzwa Uchina kwa bei kubwa, ana mifupa ya namna mbili: vimeza vyenye mnara juu, na vifungo vyenye vinundu. Jamaa zake wana fimbo, vikapu au mashada. Mwenye uzoefu husoma mifupa hiyo na kutaja spishi hata kama mnyama amekwisha kaushwa, kukunjamana na kupoteza rangi, na kwa njia hiyo shehena ya bandarini inaweza kukaguliwa ijulikane kama mna spishi zilizokatazwa. Kijipande cha ngozi na kofia ya jiki. Gharama yake haifiki ya kikombe cha chai.

Watoto wa Ekinodamata, kwa nyongeza, huogelea wakiwa na kushoto na kulia kama sisi. Sehemu tano huja ukubwani, mwili unapojijenga upya. Hapo somo la Thompson linarudi: asiyemjua mnyama utotoni hajamjua nusu yake.

Arithropoda nitawapita haraka, kwa kuwa kila mtu amewahi kushika kaa. Kiunzi kiko nje, miguu ina viungo, na ili kukua lazima gamba livuliwe. Mvuvi anayemkuta kaa laini amemkuta katika saa zake za hatari. Lakini kuvua huko kuligeuka kuwa jambo kubwa. Cuvier aliwaweka wadudu na nyungunyungu tawi moja kwa sababu wote wana pingili, na kwa muda mrefu mpango huo ulionekana hauna ubishi. Mwaka 1997 kundi la watafiti waliolinganisha jeni za ribosomu walionyesha kwamba ndugu wa karibu wa wadudu na kaa ni Nematoda na wengineo wanaovua ngozi. Nyungunyungu yuko upande wa konokono na chaza. Kaa na mchango ndugu! Kwa sura ni jambo lisilokubalika, ila kwa mjengo na kwa jeni limesimama. Tena ivermectini, dawa inayotolewa dhidi ya minyoo ya matende, ambayo ni Nematoda, huua pia kijidudu cha upele, ambaye ni Arithropoda.

Wapo waliosema baada ya hapo kwamba jicho na wembe vimekwisha kazi, jeni zitasema yote. Siwaungi mkono. Jeni hukwambia nani ni ndugu wa nani. Hazikwambii mnyama anakula vipi, wala hazimtoi kwenye mchanga. Mwaka 1982 Mdenishi Reinhardt Kristensen, akiwa Roscoff nchini Ufaransa na muda umemwishia, aliosha mchanga wa bahari kwa maji baridi yasiyo na chumvi. Mshtuko huo uliwaachisha wanyama wadogo sana waliokuwa wameng'ang'ania chembe za mchanga, na mwaka uliofuata alitangaza faila mpya kabisa, Lorisifera. Mwaka 1995, pamoja na Peter Funch, alitangaza nyingine, ya wanyama wanaoishi kwenye nywele za mdomo wa kambakoche wa bahari za kaskazini. Kambakoche hao walikuwa wakiliwa mezani miaka yote. Aliyekosekana ni mtu wa kuwatazama mdomo kwa hadubini.

Yetu sisi, Kodata, ina siri zake pia. Alama yake ni notokodi, fimbo inayonyumbulika mgongoni chini ya uzi wa neva, pamoja na matundu ya koo na mkia unaopita tundu la haja. Binadamu tunavipata tumboni mwa mama, kisha vingi hupotea au hugeuka kitu kingine. Kwenye nguzo za gati na vigingi vya mwani huota vifuko laini vinavyorusha maji vikibanwa. Vilihesabiwa Moluska mpaka mwaka 1866, Mrusi Alexander Kowalevsky alipofuatilia mayai yake na kuona lava, yaani mtoto, mwenye mkia, na ndani ya mkia huo notokodi. Kifuko kile kisicho na kichwa ni jamaa yetu wa karibu kuliko pweza mwenye akili zake zote. Na anayetaka kuiona notokodi ya mnyama mkubwa, aliyekomaa, mwenye taya na meno, amwangalie silikanti. Samaki huyo alidhaniwa ametoweka tangu zama za dinosaria mpaka alipopatikana Afrika Kusini mwaka 1938, na wavuvi wa Tanga wamemnasa mara nyingi tangu miaka ya 2000, hata ikaanzishwa hifadhi ya bahari kwa ajili yake mwaka 2009. Badala ya pingili za mfupa, mgongoni ana bomba moja refu lililojaa majimaji. Maisha yake yote anaishi na kitu ambacho sisi tulikiacha kabla ya kuzaliwa.

Watu wanaoweza kumpokea mnyama asiyejulikana, kumlegeza, kumpasua, kumchora na kumweka mahali pake ni wachache, na ujuzi wao hauhamishwi kwa kitabu peke yake. Hukaa mkononi, na huhitaji mwanafunzi aliyekaa karibu. Mwalimu wa biolojia aliye kando ya bahari ana nafasi ambayo shule nyingi duniani haziipati. Bamvua hurudi kila wiki mbili, na beseni jeupe na lenzi moja vinatosha darasa zima. Wape wanafunzi mnyama kabla ya kuwapa jina. Waache wahesabu mikanda, watafute mdomo, wabishane. Kisha warudishe kila mnyama alikotoka, na kila jiwe lililogeuzwa lilazwe upande wake wa kwanza, kwani waliokuwa chini yake hufa kwa jua.